Badiliko dogo, mkunjo mwingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu protini kujikunja vizuri na vibaya

Maswali yamepangwa kuanzia misingi hadi visa vya pembeni. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo tungerudia yaliyokwisha semwa, tumetaja namba ya swali la kurejea.

## Misingi

1. Protini kujikunja maana yake nini?

Protini huanza maisha ikiwa uzi. Ribosomu husoma maagizo ya jeni na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, kutoka katika aina 20 zilizopo, mpaka upatikane mnyororo wa viungo makumi, mamia au hata maelfu. Uzi huo kwa kawaida haufanyi kazi yoyote mpaka ujikunje. Sehemu fulani hujisokota kuwa misokoto ya alfa, nyingine hujipanga ubavu kwa ubavu kuwa mabapa ya beta, kisha vyote hushikamana na kuwa umbo moja lenye vishimo na mikunjo yake. Umbo hilo ndilo linaloshika oksijeni, linalokata sukari au linalopitisha chumvi kwenye utando wa seli.

Msukumo mkubwa unatokana na maji yanayoizunguka protini. Asidi amino zenye tabia ya mafuta, kama lusini na valini, hukimbilia ndani kujificha, na zile zenye chaji hubaki nje. Bondi za haidrojeni, chaji zinazovutana na, katika protini nyingine, bondi za salfa huja kukaza umbo hilo.

2. Nani anaiambia protini ijikunje vipi?

Mfuatano wake wenyewe. Mwanakemia wa Marekani Christian Anfinsen alilionyesha hilo kwa ribonyukliesi, kimeng'enya cha asidi amino 124 chenye sisteini nane zinazoungana jozi nne. Aliifumua protini kwa urea na kuzikata bondi za salfa, kisha akaviondoa vitu hivyo na kuiacha peke yake. Ikarudi kufanya kazi. Sisteini nane zinaweza kuunganishwa kwa njia 105 tofauti, na protini iliichagua ile moja sahihi bila kuelekezwa na yeyote. Alipoiacha ijiunganishe ikiwa bado ndani ya urea, alipata mchafukoge usiofanya kazi. Alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1972.

Hapo ndipo ugumu wa mada hii unapoanzia. Kama mfuatano ndio agizo, basi kugusa herufi moja ya mfuatano ni kugusa agizo lenyewe.

3. "Badiliko dogo" ni dogo kiasi gani?

Mara nyingi ni asidi amino moja kubadilishwa na nyingine. Linaweza pia kuwa moja kudondoka, au mbili kuongezeka mwishoni mwa mnyororo. Kuna na mabadiliko yanayokuja baada ya protini kutengenezwa: fosfeti kubandikwa, sukari kukosekana mahali ilipotakiwa, asparajini kugeuka taratibu kwa uzee na kuwa asidi aspatiki. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu zaidi aina ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyochunguzwa kwa kina.

4. Inawezekanaje kiungo kimoja kati ya mamia kivuruge protini nzima?

Kwa sababu protini husimama ukingoni. Ndani yake kuna mamia ya mivutano midogo inayoshikilia umbo, lakini kuna pia gharama kubwa inayolipwa kwa kuufunga uzi ambao ungependa kuyumba huru. Ukitoa gharama kwenye faida, kinachobaki ni kidogo: kwa protini nyingi ni kati ya kilokalori 5 na 15 kwa moli, sawa na nguvu ya bondi chache tu za haidrojeni. Badiliko moja huweza kula kilokalori moja, mbili au zaidi ya hapo.

Mfano mzuri unatoka maabara ya Brian Matthews, ambaye kwa miaka mingi alibadilisha lisozaimu, kimeng'enya cha kirusi kiitwacho T4 kinachoshambulia bakteria, kiungo kwa kiungo na kupima kila kilichotokea. Protini hii ina asidi amino 164. Kwenye nafasi ya 99, katikati ya kiini chake chenye mafuta, kuna lusini. Wakaitoa na kuweka alanini, yaani wakapunguza atomu tatu za kaboni pamoja na haidrojeni zake. Picha ya fuwele ilionyesha umbo lile lile, isipokuwa pale lusini ilipokuwepo pamebaki uwazi. Hakuna kilichosogea kuuziba. Uwazi huo uliigharimu protini kama kilokalori 5 kwa moli za uimara, na ni mkubwa kiasi kwamba molekuli ya benzini huingia na kukaa humo. Ukiitazama picha tu, ungesema hakuna kilichoharibika. Ukipima joto la kufumuka, unaona pengo.

5. Kwa hiyo kila badiliko lina madhara?

Hapana, na watu wengi huogopa bure. Mabadiliko mengi yanayoangukia juu ya uso wa protini, hasa kwenye vitanzi vinavyoning'inia, hupita bila kishindo. Kinachopaswa kuulizwa kwanza ni mahali, kisha aina ya badiliko, na hatimaye akiba ya uimara ambayo protini hiyo ilikuwa nayo. Badiliko lile lile la kilokalori 2 halitaonekana kwenye protini yenye akiba ya 12, ila litaiyumbisha yenye akiba ya 3.

6. Kuna asidi amino ambazo ni hatari zaidi kuziondoa au kuziingiza?

Tatu hutajwa kila mara. Glisini ni ndogo kuliko zote, hivyo hukaa mahali ambapo nyingine haitoshi. Prolini ina pete inayokaza uti wa mnyororo, kwa hiyo ikiingizwa katikati ya msokoto wa alfa au bapa la beta huvunja mpangilio. Sisteini hufunga bondi za salfa, na ikikosekana moja, mwenzake hubaki bila jozi na anaweza kujishikiza pasipotakiwa.

Kolajeni ndiyo inayoonyesha kisa cha glisini waziwazi. Nyuzi tatu husokotwa pamoja, na kila kiungo cha tatu katika kila uzi ni lazima kiwe glisini kwa sababu ndicho kinachoelekea katikati, ambako hakuna nafasi. Weka pale serini au asidi aspatiki badala ya glisini, usokotaji unachelewa, na mtoto anaweza kuzaliwa na mifupa inayovunjika ovyo. Ukali wa ugonjwa hutegemea glisini ipi imeguswa na imewekwa nini badala yake.

## Mambo yanapokwenda kombo

7. Kujikunja vibaya kuna namna ngapi?

Vitabu vina orodha ndefu. Kwa matumizi ya kawaida, tofautisha hali tatu. Ya kwanza: protini haifikii umbo lake, seli inaitambua na kuisaga, na mwili unakosa kazi yake. Ya pili: protini isiyokaa sawa inarundikana na mrundikano wenyewe ndio unaodhuru. Ya tatu, ambayo si kujikunja vibaya hata kidogo: umbo ni zuri, ila uso wake umepata mahali pa kunata. Magonjwa mengi yanayotupwa kwenye kapu moja la "protini zilizojikunja vibaya" hutofautiana hapa, na tiba hutofautiana vilevile.

8. Je, selimundu inatokana na hemoglobini kujikunja vibaya?

La. Hili ni kosa linalorudiwa hata na waandishi wazuri. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa ina chaji tofauti, na Vernon Ingram akathibitisha miaka michache baadaye kwamba tofauti yenyewe ni asidi amino moja: kwenye mnyororo wa beta wenye viungo 146, asidi glutamiki ya nafasi ya 6 imekuwa valini.

Nafasi ya 6 iko nje, juu ya uso. Hemoglobini hiyo inajikunja sawasawa na inabeba oksijeni. Tatizo linaanza inapoishusha oksijeni. Umbo lake hubadilika kidogo, kama ilivyo kawaida kwa hemoglobini yoyote, na kishimo chenye mafuta kati ya fenilalanini 85 na lusini 88 hufunguka. Valini ya molekuli ya jirani inaingia humo barabara. Molekuli moja inashika nyingine, nyuzi ndefu zinajengeka, na chembe nyekundu inavutwa kuwa mundu. Oksijeni ikirudi, nyuzi huachana.

Ukitaka kuona jinsi aina ya badiliko inavyohesabika, tazama hemoglobini C. Nafasi ni ile ile ya 6, lakini badala ya valini kuna lisini, ambayo ina chaji na haiingii kwenye kile kishimo. Mtu aliyerithi C kutoka kwa wazazi wote wawili huwa na ugonjwa mwepesi zaidi.

Tahadhari ndogo: majibu ya kipimo cha jeni huenda yakaandika nafasi ya 7 badala ya 6, kwa sababu yanahesabu pia methionini ya kwanza ambayo hukatwa baadaye. Badiliko ni lile lile.

9. Kama protini yenye kasoro bado ingeweza kufanya kazi, kwa nini seli inaitupa?

Kwa sababu mkaguzi wa seli hapimi kazi, anapima umbo. Kisa maarufu ni CFTR, mlango wa kloridi wenye asidi amino 1,480. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1989, na badiliko linaloongoza kwa wagonjwa wa sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu ute mzito) ni kudondoka kwa fenilalanini ya nafasi ya 508. Protini inayotoka hukwama ndani ya retikulamu ya endoplazimu, sehemu ya seli ambako protini za utando hukunjwa, inawekewa alama na kupelekwa kusagwa.

Mwaka 1992 seli zenye badiliko hilo zilikuzwa kwenye joto la chini, karibu nyuzi 27 za Selsiasi, na sehemu ya protini ikafika kwenye utando na kupitisha kloridi. Ilikuwa na kasoro, lakini ilifanya kazi. Ugunduzi huo ndio uliowapa watu matumaini kwamba dawa inaweza kuchukua nafasi ya baridi (swali la 17).

10. Kwa nini badiliko moja liumize ini na mapafu kwa njia mbili tofauti?

Hapa kunakutana hali ya kwanza na ya pili za swali la 7. Antitripsini ya alfa-1 hutengenezwa kwenye ini na kusafiri hadi mapafuni, ambako huzuia kimeng'enya cha chembe nyeupe kisile tishu. Katika aina iitwayo Z, asidi glutamiki ya 342 imekuwa lisini. Protini zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, kitanzi cha moja kikipenya kwenye bapa la nyingine, na kurundikana ndani ya seli za ini. Ini linaumia kwa kilichozidi. Mapafu yanaumia kwa kilichokosekana.

11. Amiloidi ni nini, na badiliko dogo linahusikaje?

Ni nyuzi za protini ambamo mabapa ya beta yamepangwa moja juu ya jingine kwa mamia, kila ngazi ikiwa karibu nusu ya nanomita kutoka kwa iliyo chini yake. Protini zisizo na udugu wowote zinaweza kuishia kwenye muundo huo, kwa sababu unashikwa zaidi na uti wa mnyororo, ambao ni sawa kwa protini zote.

Mfano ninaoupenda ni amilini, homoni ya asidi amino 37 inayotolewa na kongosho pamoja na insulini. Kwa binadamu huunda amiloidi kirahisi, na mabaki yake huonekana kwenye kongosho za watu wengi wenye kisukari cha aina ya 2. Kwa panya haiundi. Ukilinganisha mifuatano, panya ana prolini kwenye nafasi za 25, 28 na 29, na prolini, kama tulivyoona katika swali la 6, haivumiliwi ndani ya bapa la beta. Watengenezaji wa dawa waliichukua amilini ya binadamu, wakapachika prolini hizo tatu, wakapata pramlintidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Inafanya kazi ya homoni na haigandi ndani ya chupa.

Urefu nao unahesabika. Beta-amiloidi ya ugonjwa wa Alzheimer hutoka ikiwa na viungo 40 au 42. Viwili hivyo vya mwisho, vyote vya mafuta, vinatosha kuifanya ya 42 ishikane haraka zaidi. Kwenye ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, kinachorefuka ni mlolongo wa glutamini: chini ya 27 ni kawaida, kuanzia 40 ugonjwa huja.

12. Kama badiliko ni la kuzaliwa, kwa nini ugonjwa usubiri uzeeni?

Seli ina chaperoni, protini wasaidizi kama Hsp70 na Hsp90, zinazozishika nyingine zisinatane kabla hazijakaa sawa, na ina mitambo ya kusaga zilizoshindikana. Kwa miaka mingi kazi hiyo inatosha. Umri unavyosonga uwezo hupungua na mrundikano huongezeka. Vilevile punje ya kwanza ya amiloidi ni ngumu sana kuanza. Ikishaanza, ukuaji wake ni rahisi.

## Visa vya pembeni

13. Badiliko dogo linaweza kugeuza mkunjo kuwa mwingine kabisa?

Kwa nadra, ndiyo. Philip Bryan na John Orban pamoja na wenzao walitengeneza maabarani protini mbili za asidi amino 56, wakazisogeza karibu karibu kimfuatano mpaka zikabaki na tofauti ya kiungo kimoja, nafasi ya 45. Yenye lusini inakuwa misokoto mitatu na kushika albumini, protini ya damu. Yenye tirosini inakuwa bapa la beta lenye msokoto mmoja na kushika kingamwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Usiyachukulie kama kanuni: zilichongwa kwa makusudi zikae juu ya mpaka.

14. Kuna mabadiliko yanayokinga?

Yapo. Transthairetini ni protini ya damu ya viungo 127 inayokaa nne nne. Nne hizo zikiachana, moja moja hufumuka na kuwa amiloidi kwenye neva au moyo, na badiliko la valini 30 kuwa methionini huharakisha hilo. Lakini aliyerithi badiliko hilo kutoka kwa mzazi mmoja na jingine, threonini 119 kuwa methionini, kutoka kwa mwingine, hupata nafuu kubwa: hilo la pili hukaza nne zisiachane.

Jingine linatoka Papua New Guinea, katika eneo lililokumbwa na kuru, ugonjwa wa prioni (protini ya ubongo inayojikunja vibaya na kuzivuta nyingine zifuate) ulioenezwa na desturi ya kula miili ya ndugu waliofariki. Baadhi ya watu wa huko wana valini badala ya glisini kwenye nafasi ya 127 ya protini ya prioni. Panya waliowekewa aina hiyo peke yake waligoma kuambukizwa.

15. Badiliko lile lile linaweza kuleta magonjwa mawili?

Ndiyo, na protini ya prioni tena ndiyo ushahidi. Asidi aspatiki ya 178 ikigeuka asparajini, matokeo hutegemea nafasi nyingine, ya 129, ambayo kwa watu wazima wa afya inaweza kuwa methionini au valini bila shida yoyote. Methionini ikiwa kwenye mnyororo ule ule, mtu hupata ukosefu wa usingizi unaoua. Ikiwa valini, hupata aina ya kurithi ya ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo. Ndiyo maana kusoma badiliko moja bila kutazama majirani zake ni kusoma nusu ya habari.

Na prioni ina la ziada: inaweza kujikunja vibaya bila badiliko lolote la mfuatano, kisha ikazivuta zilizo nzima zifuate umbo lake. Stanley Prusiner alipata Nobel mwaka 1997 kwa hoja hiyo, baada ya kupingwa kwa miaka mingi.

16. Vipi badiliko la DNA lisilobadilisha asidi amino?

Kwa kawaida halina neno, ila si kila mara. Asidi amino moja inaweza kuandikwa kwa "maneno" tofauti ya herufi tatu tatu, na ribosomu haisomi maneno yote kwa kasi moja, na protini huanza kujikunja ikiwa bado inatoka. Kasi ikibadilika, mpangilio wa kujikunja unaweza kubadilika. Mwaka 2007 watafiti waliripoti badiliko la namna hii kwenye jeni ya MDR1, ya protini inayosukuma dawa nje ya seli, lililobadilisha jinsi protini yake inavyoshika dawa.

## Tiba, kompyuta na majibu ya vipimo

17. Dawa inaweza kurekebisha mkunjo?

Kwa baadhi ya protini, inaweza. Tafamidi huingia kwenye transthairetini na kuzishikilia zile nne pamoja, ikiiga kinga ya swali la 14. Iliidhinishwa Ulaya mwaka 2011. Kwa CFTR, mchanganyiko wa dawa tatu ulioidhinishwa Marekani mwaka 2019 unafanya kazi mbili: eleksakafta na tezakafta huisaidia protini kukaa sawa ifike kwenye utando, na ivakafta huufungua mlango ukishafika. Kwa hali ya tatu ya swali la 7 mbinu hii haina maana, kwa kuwa hakuna mkunjo wa kurekebisha.

18. AlphaFold si imeshamaliza tatizo hili?

Imemaliza nusu moja. Programu hii ya akili bandia mwaka 2020 ilionyesha kwamba inaweza kutabiri umbo la protini kwa usahihi wa kushangaza, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper waligawana Nobel ya kemia na David Baker. Lakini ukiipa mfuatano wenye badiliko moja, mara nyingi itakurudishia umbo lile lile. Kumbuka lisozaimu ya swali la 4: umbo halikubadilika, uimara ndio uliopotea. AlphaMissense, programu ya mwaka 2023, iliundwa kwa ajili ya nusu ya pili, yaani kama badiliko la asidi amino moja lina madhara, na ilikadiria mabadiliko milioni 71, ikiyaita asilimia 57 pengine yasiyo na madhara na asilimia 32 pengine yenye madhara. Neno "pengine" libaki pale lilipo.

19. Majibu yangu ya jeni yanasema "badiliko lenye maana isiyojulikana". Protini yangu imeharibika?

Hayasemi hivyo. Yanasema ushahidi hautoshi kulihukumu. Usijitabirie kwa kutumia programu ya mtandaoni, kwa sababu alama mbaya ya kompyuta peke yake haitoshi kubadilisha hukumu ya maabara. Kinachosaidia ni kujua kama badiliko linafuatana na ugonjwa ndani ya familia, kama limeonekana kwa watu wengi wenye afya, na kama kuna mtu ameipima protini yenyewe. Mwulize mshauri wa masuala ya jeni mambo hayo matatu, kisha omba majibu yapitiwe upya baada ya miaka michache. Mabadiliko mengi ya kundi hili yakija kuhukumiwa huishia upande wa yasiyo na madhara.